Kuweka uthibitishaji wa hatua mbili kwenye simu na kompyuta bila kujifungia nje

Kila ninapomsaidia mtu kurejesha akaunti iliyoibwa, maswali huwa ni yaleyale: hizo namba sita zinatoka wapi, nitaingiaje simu ikipotea, na je, nisipokuwa na bando zitafanya kazi? Nimeamua kuyajibu mahali pamoja, kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe ninapokaa na ndugu au jirani, simu yake ikiwa mezani. Utaratibu huu ni mrefu kuliko ule unaoonyeshwa na programu zenyewe. Programu hukuambia umemaliza mara tu ulinzi unapowaka, ilhali kwangu mimi kazi huwa imefika nusu, kwa sababu wengi ninaowaona wakilia baada ya kuwasha ulinzi huu hawakuibiwa na mtu yeyote. Walijifungia nje wenyewe.

Maana yake kwa ufupi

Ukitoa pesa kwenye mashine ya benki unahitaji kadi na namba ya siri; mwenye kadi asiyeijua namba hapati kitu, na anayeijua namba bila kuwa na kadi hapati kitu vilevile. Uthibitishaji wa hatua mbili unaipa akaunti yako ya mtandaoni tabia hiyohiyo. Nywila, au nenosiri kama wengine wanavyosema, ni kitu unachokijua. Simu yako ni kitu ulicho nacho, na ndiyo itakayokupa zile namba sita, yaani tarakimu sita unazoziandika baada ya nywila. Nadharia inatosha hapo.

Mahitaji kabla ya kuanza

Tenga saa nzima isiyo na haraka, kisha uwe na vitu hivi:

- Simu janja yako, ikiwa na chaji ya kutosha.
- Kompyuta, au simu ya pili. Si lazima, lakini inarahisisha sana kazi. Iwe yako au ya mtu unayemwamini, wala usiifanye kazi hii kwenye kompyuta ya steshenari au ya kulipia kwa saa.
- Nywila sahihi ya kila akaunti utakayoigusa.
- Laini iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Kwa walioko Tanzania, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta laini unayoitegemea imesajiliwa kwa jina la shemeji au la bosi wa zamani, lishughulikie jambo hilo kwanza.
- Daftari na kalamu. Nimesema kalamu, na nitaeleza kwa nini.

Kuhusu nywila kuna jambo linalowakwamisha watu wengi kuliko yote mengine. Simu nyingi zilizonunuliwa madukani kwetu zilifunguliwa akaunti ya Google na kijana wa dukani, palepale kaunta, ili mteja aondoke na WhatsApp ikiwa tayari inafanya kazi. Mteja hakuijua nywila, na mara nyingine namba ya simu ya kurejeshea akaunti ni ya yule kijana. Kama simu yako ina historia hiyo, ingia kwenye mipangilio ya akaunti, weka nywila mpya unayoijua wewe peke yako, kisha uhakikishe kwamba namba ya simu na barua pepe za kurejeshea akaunti ni zako. Ukiwasha ulinzi juu ya akaunti ambayo funguo zake ziko kwa mtu mwingine, unamlinda yeye.

Hatua kwa hatua

Tutaanza na barua pepe, yaani akaunti ya Google kwa walio wengi, kwa sababu akaunti nyingine nyingi hurejeshwa kupitia hiyo. Aliyeshika barua pepe yako anaweza kubadilisha nywila ya Facebook huku wewe umelala.

1. Rekebisha saa ya simu. Fungua mipangilio ya tarehe na saa, uchague saa ijiweke yenyewe kutoka kwenye mtandao. Namba sita utakazozitumia huhesabiwa kutokana na saa, na simu iliyopotoka kwa dakika chache tu huweza kutoa namba zisizokubalika.

2. Sakinisha programu ya kuthibitisha. Google Authenticator na Microsoft Authenticator zinapatikana bure kwa simu za Android na iPhone, na vilevile Ente Auth. Aegis ni nzuri sana lakini ni ya Android pekee. Chagua moja. Soma jina la mtengenezaji kabla ya kupakua, kwa maana kwenye maduka ya programu kuna za kuigiza zenye nembo zinazofanana na hizi, ambazo hukutaka ulipie kwa wiki au mwezi. Programu halisi nilizozitaja hazidai malipo ili zikupe namba.

Utauliza kwa nini tusitumie ujumbe mfupi wa simu, ambao kila mtu anaujua. Ujumbe ni bora kuliko kukosa kabisa, na kama ndiyo njia pekee inayotolewa, utumie. Ila ujumbe huifuata laini, si wewe. Tapeli akifanikiwa kuihamishia laini yako kwenye kadi yake, namba zinakwenda kwake. Laini usiyoitumia muda mrefu hufungwa, na baadaye hupewa mteja mwingine. Na ndugu aliyehamia Muscat au London akiwa ameiacha laini yake ya nyumbani kwenye droo hapati chochote. Programu ya kuthibitisha haihitaji laini, bando wala mtandao wowote. Inahitaji saa sahihi na siri ya kutengenezea namba iliyohifadhiwa ndani yake, basi.

3. Fungua mipangilio ya usalama ya akaunti ya Google. Kwenye kompyuta, nenda myaccount.google.com, ingia, kisha ufungue sehemu ya Usalama na uthibitishaji wa hatua mbili. Kama umeiweka lugha ya Kiingereza, tafuta palipoandikwa Security, halafu 2-Step Verification. Utaombwa nywila tena hata kama umeshaingia. Hilo ni la kawaida.

4. Chagua njia ya programu ya kuthibitisha. Kompyuta itaonyesha picha ya QR, ule mraba wenye vidoti vyeusi na vyeupe. Fungua programu uliyosakinisha kwenye simu, gusa alama ya kujumlisha, kisha uielekeze kamera kwenye mraba. Kama unafanya kila kitu kwenye simu moja, huwezi kuipiga picha skrini yenyewe. Chini ya mraba kuna kiungo cha kusema huwezi kuusoma, nacho hukupa mlolongo wa herufi na tarakimu unaoweza kuunakili na kuubandika kwenye programu.

Kabla hujaendelea, fikiria kama una simu ya zamani iliyo kabatini, hata isiyo na laini. Mraba uleule ukisomwa na simu mbili, zote mbili zitatoa namba zilezile kwa wakati uleule, mradi saa zake ni sahihi. Simu hiyo ya kabatini inakuwa kipuri chako. Ukishaufunga ukurasa, mraba huo hauonyeshwi tena, kwa hiyo fanya hivyo sasa. Usiupige picha ya skrini ukauacha kwenye ghala la picha, kwani kila anayeiona picha hiyo anaweza kuzitoa namba zako.

5. Ingiza namba sita. Programu itaonyesha namba inayobadilika kila baada ya sekunde 30. Ukiona muda wake unakaribia kwisha, subiri ifuatayo badala ya kuikimbiza. Ukurasa ukikubali, hakikisha uthibitishaji wa hatua mbili umewashwa kweli, kwa sababu kuongeza programu ni jambo moja na kuuwasha ulinzi wenyewe ni jambo jingine.

6. Chukua namba za akiba. Hapa ndipo watu huinuka mezani, na hapa ndipo ninapowaomba waketi tena. Katika ukurasa uleule kuna sehemu ya namba za akiba: Google hutoa 10, kila moja ikiwa na tarakimu 8, na kila moja hutumika mara moja tu. Ziandike kwa kalamu katika daftari, mstari mmoja kwa kila namba, pamoja na tarehe. Sikushauri uzitume kwenye WhatsApp ya steshenari ili zichapishwe. Faili itabaki kwenye kompyuta ya watu, na tarakimu 80 haziwezi kukuchosha mkono. Ziweke panapokaa cheti cha kuzaliwa na hati ya nyumba. Zisikae kwenye pochi pamoja na simu, maana mwizi hachukui kimoja akaacha kingine. Ukiomba namba mpya siku yoyote, zile za zamani hufa zote kwa pamoja, hivyo uzikate kwenye daftari.

7. Jaribu ukiwa bado umeingia. Usitoke kwenye akaunti. Fungua dirisha la faragha la kivinjari (kwenye Chrome huitwa Incognito), au tumia simu ya pili, uingie kama mgeni: barua pepe, nywila, kisha namba sita. Huenda Google ikatuma swali kwenye simu yako ikiuliza kama ni wewe unayeingia. Chagua njia nyingine ili uijaribu programu. Halafu ingia mara ya pili kwa kutumia namba moja ya akiba na uikate. Wengi huona hii ni kupoteza namba. Mimi naona ni afadhali kupoteza moja leo kuliko kugundua siku ya shida kwamba uliandika 1 mahali pa 7.

Wakati wa kuingia utaona kisanduku cha kusema usiulizwe tena kwenye kifaa hicho. Kiweke alama kwenye kompyuta yako tu.

8. Washa kwenye WhatsApp. Nenda Mipangilio, Akaunti, kisha Uthibitishaji wa hatua mbili. Hapa hakuna programu wala mraba: unaweka PIN ya tarakimu 6 unayoichagua mwenyewe, kisha anwani ya barua pepe. Usiiruke anwani hiyo. Aliyesahau PIN bila kuwa ameweka barua pepe huweza kusubiri siku 7 kabla ya kuruhusiwa kuweka nyingine. PIN isiwe tarehe ya kuzaliwa, wala namba yako ya siri ya pesa za simu ikiwa imeongezewa tarakimu mbili mbele.

Namba hii huchanganywa na ile nyingine ya tarakimu 6 inayokuja kwa ujumbe unapoisajili WhatsApp kwenye simu mpya. Ile ya ujumbe hutolewa na WhatsApp na hufa baada ya muda mfupi. PIN ni yako na inakaa. Zote mbili hazisemwi kwa mtu. Matapeli wa siku hizi wameachana kidogo na «ile hela itume kwenye namba hii». Wanaandika kutoka kwenye akaunti ya rafiki yako waliyoiteka, wakisema wamekosea wakatuma namba fulani kwako, uwarudishie. Ukirudisha, na akaunti yako imekwenda.

9. Endelea na akaunti nyingine kwa mtindo uleule. Facebook na Instagram huwekewa katika Kituo cha Akaunti, sehemu ya nywila na usalama. Microsoft iko account.microsoft.com, sehemu ya Usalama, na hutoa namba ya kurejeshea yenye herufi na tarakimu 25 ambayo nayo huandikwa daftarini. Kwa wenye iPhone, akaunti nyingi za Apple tayari zina ulinzi huu, na namba zake huonekana kwenye vifaa vyako vingine vya Apple au huja kwa ujumbe. Unachopaswa kufanya ni kuongeza namba ya pili ya kuaminika, kwa mfano ya mwenzi wako, ili laini moja ikipotea usikwame. Fanya akaunti moja, ijaribu, ndipo uende nyingine. Anayewasha tano kwa pamoja hajui ipi imemgomea.

Na kompyuta yenyewe?

Watu wakishawasha ulinzi kwenye akaunti ya Microsoft huniuliza mbona kompyuta ikiwaka haiwaombi namba sita. Ni kwamba ulinzi ule ni wa akaunti iliyoko mtandaoni, na mlango wa kompyuta una kitasa chake. Katika Windows 10 na 11, fungua Mipangilio, Akaunti, kisha chaguo za kuingia, uweke PIN, alama ya kidole au uso. PIN hiyo inaonekana dhaifu kuliko nywila ndefu, lakini inafanya kazi kwenye kompyuta hiyo moja tu. Mtu aliyeichungulia akiwa mbali haimfai kitu bila kuishika kompyuta yenyewe.

Kuna jambo moja la kuangalia hapo. Kompyuta nyingi mpya za Windows husimba diski zake, yaani huyafunga yaliyomo yasisomeke bila ufunguo, na ufunguo wa kuifungulia, wenye tarakimu 48, huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft. Siku kompyuta itakapouomba, kwa mfano baada ya fundi kubadilisha kifaa ndani, utahitaji kuingia kwenye akaunti hiyo kutoka kwenye simu. Aliyejifungia nje ya akaunti anakuwa amejifungia nje ya kompyuta pia. Utafute ufunguo huo leo ukiwa umeingia, uuandike, na daftari lisikae kwenye begi la kompyuta.

Makosa yanayorudiwa sana

Kosa la kwanza ni kuiuza simu, au kuifuta kabisa, kabla ya kuzihamisha namba. Katika Google Authenticator kuna sehemu ya kuhamisha akaunti inayotoa mraba wa kusomwa na simu mpya. Programu nyingine zina njia yake. Hamisha, jaribu kuingia kwa simu mpya, ndipo uifute ya zamani.

Kosa jingine ni la wenye kupenda urahisi. Tangu 2023 Google Authenticator inaweza kuhifadhi nakala ya siri zako ndani ya akaunti yako ya Google. Kwa akaunti za Facebook na nyinginezo, hilo linasaidia. Kwa akaunti ya Google yenyewe, ni sawa na kuufungia ufunguo wa kabati ndani ya kabati, hivyo nakala hiyo isikufanye uzitupe namba za akiba.

La mwisho ni kudhani kwamba namba sita haziwezi kuibwa. Ukurasa wa bandia unaofanana na wa Google unaweza kukuomba nywila, kisha namba, na kuzitumia zote mbili ndani ya sekunde zilezile 30. Angalia anwani iliyo juu ya kivinjari kabla ya kuandika chochote. Waandishi wa habari, wahasibu na wengine wanaowindwa kwa majina yao wafikirie kununua ufunguo wa usalama wa kuchomeka, mfano YubiKey, ambao hukataa kufanya kazi kwenye ukurasa wa bandia hata kama mwenyewe umedanganyika.

Mambo yakigoma

Namba haikubaliki. Rudi hatua ya 1. Niliwahi kumsaidia mzee mmoja ambaye namba zake zilikataliwa wiki nzima, kumbe alikuwa ameirudisha saa ya simu nyuma kwa saa 6 ili isomeke kwa Kiswahili, yaani saa moja asubuhi ionekane 1:00. Kwa programu, simu yake ilikuwa inaishi alfajiri huku dunia ikiwa mchana. Kama saa ni sahihi, hakikisha unasoma namba ya akaunti husika, kwa kuwa zikiwa nyingi kwenye orodha ni rahisi kusoma mstari wa jirani.

Ujumbe haufiki. Zima mtandao wa simu kisha uwashe, na uangalie kama jumbe zimejaa au kama umezuia namba usizozijua. Usiombe mara kumi mfululizo. Kwa kawaida inayokubaliwa ni ya mwisho tu, na ukizidisha maombi utazuiwa kwa muda.

Programu ya zamani ya barua pepe imeacha kufanya kazi. Baadhi yake hazijui kuuliza namba sita. Google hutoa nywila maalumu ya herufi 16 kwa ajili ya programu kama hizo, lakini ushauri wangu ni kuisasisha programu kwanza.

Simu imepotea au imeibwa. Tumia kompyuta au simu ya ndugu, katika dirisha la faragha, uingie kwa nywila na namba ya akiba. Iondoe simu iliyopotea kwenye orodha ya vifaa, badilisha nywila, futa programu ya kuthibitisha ya zamani na uweke mpya, kisha uchukue namba za akiba mpya. Siku hiyohiyo nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao wako wa simu ili laini ifungwe na upewe nyingine yenye namba ileile, kwa sababu WhatsApp na pesa za simu vinaitegemea laini hiyo.

Simu imepotea na namba za akiba hazipo. Tafuta kifaa chochote ambacho bado kiko ndani ya akaunti: kompyuta ya nyumbani, kishikwambi cha watoto, simu ya zamani. Ukikipata, usitoke kwenye akaunti. Kitumie kubadilisha mipangilio. Ukikosa kabisa, fuata ukurasa wa kurejesha akaunti ukiwa kwenye kifaa, kivinjari na mtandao uliouzoea, nyumbani au kazini, kwani hayo nayo huhesabiwa katika kukutambua. Jibu linaweza kuchukua siku kadhaa. Katika siku hizo atajitokeza, au utaelekezwa kwa, mtu anayedai kufungua akaunti kwa ada ya kutanguliza. Hana mlango wa siri ndani ya Google wala Facebook, na atakachokuomba baada ya pesa ni namba zilezile ulizokuwa unazilinda.